Vifua vya Alhamisi

Mama yangu yu hai. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili huingia shambani kuchuma majani chai, na akigombana na mbuzi wa jirani sauti yake huvuka bonde na kurudi. Nikiisikia sauti hiyo hucheka peke yangu, kwa sababu najua kwamba nusura niizime mimi mwenyewe, siku ya Alhamisi, kanisani, kwa kosa la kuimba vizuri kupita kiasi. Aliyetuokoa mimi na mama kutokana na uimbaji wangu alikuwa mwanamke asiyeweza kuimba hata kidogo.

Sisi wa kwaya tulimwita Mwalimu. Wagonjwa wa hospitali ya misheni, kule juu upande wa Othaya, walimwita Mama Picha, maana ndiye aliyepiga picha za eksirei. Kutwa alisimama nyuma ya ukuta mnene, amevaa aproni nzito kama mlango. Alhamisi saa kumi alivua aproni, akavaa kofia ya sufu ya rangi ya maboga, akateremka hadi kanisani kutufundisha. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye hatua za haraka. Ungemwona kutoka mbali kwenye ile barabara ya udongo mwekundu ukadhani ni boga linajibingirisha lenyewe kwenda ibada.

Kwamba hakuweza kuimba haikuwa siri. Sauti yake ilitoka kama bati linalokokotwa juu ya mawe. Siku moja, kabla hatujamzoea, alijaribu kutuonyesha mwanzo wa wimbo wa Pasaka, na mbwa wa mlinzi akainuka mlangoni akaondoka. Besi wetu, mwanamume mrefu mwenye bucha pale sokoni, aliinamisha kichwa akijifanya anafunga kamba za viatu.

"Besi," Mwalimu akamwambia, "hivyo viatu vyako ni gambuti. Havina kamba."

Tulicheka hadi tukaketi. Na yeye alicheka zaidi yetu sote. Mtu aliyepewa sikio kali kama lake na koo bovu kama lake ama atalia maisha yake yote, ama atacheka, na yeye alikuwa amechagua zamani. Hakumwita mtu yeyote kwa jina lake. Kulikuwa na Besi, kulikuwa na Alto wa Mbele na Alto wa Dirishani, na mimi, niliyeongoza safu ya wanawake wenye sauti za juu, nilikuwa Soprano tu, hata tulipokutana sokoni nimebeba kabichi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nafundisha shule ya msingi bila cheti cha ualimu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Niliamini mambo mawili tu bila shaka yoyote: kwamba siku moja nitaandika vitabu, na kwamba katika milima yote kuanzia Kangema hadi Nyeri mjini hakuna sauti safi kama yangu.

Maneno yake ya hospitalini na ya kanisani yalikuwa yaleyale. Mgonjwa akisimama mbele ya mashine aliambiwa, "Vuta. Shika. Shika. Usiibe. Haya, achilia." Nasi tukisimama mbele yake tuliambiwa, "Vuta. Shika. Usiibe." Kuiba maana yake ni kuvuta pumzi kidogo kwa siri, ukidhani hakuna anayekuona. Alisikia wizi huo kutoka mwisho wa kanisa. Kuna mzee mmoja aliyeambiwa ashike, halafu simu ikalia, Mwalimu akaenda kuijibu. Aliporudi alimkuta mzee amesimama wima, macho yamemtoka, bado ameshika.

"Ngai! Achilia, Guka, achilia!"

"Ati niachilie?" mzee akasema alipopata pumzi. "Mimi nilidhani umeenda na picha yangu Nairobi."

Mwalimu alitusimulia kisa hicho kama mfano wa pumzi nzuri. Kila tulipochoka alisema, "Mkumbukeni Guka," yaani babu yule.

Aliusikia ulimwengu kabla ya kuuona. Alijua maji ya chai yanakaribia kuchemka kwa namna sufuria inavyobadili mlio, akaongeza majani bila kufunua. Sokoni alipiga maboga kwa kidole, akakataa matatu, akachukua la nne. Utotoni, alituambia, kazi yake nyumbani kwao ilikuwa kugonga tangi la mabati la maji ya mvua, kuanzia juu kushuka chini, ili baba yake ajue maji yamefika wapi. Sehemu tupu ilitoa mlio mrefu. Sehemu yenye maji ilikataa. "Daktari akikugonga mgongo anafanya nini?" alipenda kuuliza. "Anagonga tangi. Hakuna kingine."

Na hapa ndipo mtu asiyemjua angemshangaa: huyu aliyepiga picha za mifupa ya tarafa nzima alikataa kabisa kupigwa picha yeye. Picha ya kwaya yetu ninayo hapa mezani. Tuko thelathini mbele ya kanisa, tumevaa majoho ya bluu, na nyuma ya bega la Besi imechomoza ncha ya kofia ya rangi ya maboga. Basi. Alipoulizwa sababu alisema, "Mimi najua picha huwa inatoa nini ndani ya mtu." Alilisema kwa mzaha, lakini hakusogea kutoka nyuma ya lile bega.

Sasa nieleze yale mazoezi.

Kila Alhamisi, kabla ya wimbo wowote, Mwalimu alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne, akanakili ubaoni mistari ya sol-fa. Do, re, mi, tuliyoisoma tangu shule ya Jumapili, hatukuhitaji kufikiri. Lakini mistari hiyo haikuwa wimbo. Ilitangatanga. Ilipanda ikasahau kushuka. Wanaume waliimba mstari upande wa kulia wa ubao, nasi wanawake tukajibu kwa mstari wa upande wa kushoto, ambao mara nyingi ulifanana na wao karibu kabisa. Wakati wote huo Mwalimu alitupa mgongo. Alisimama dirishani, macho amefumba, uso ameuelekeza kwenye mashamba ya chai, na mkononi ameshika kalamu. Tulipomaliza ukurasa aliweka alama kwenye daftari, akafuta ubao, akaandika mwingine. Siku nyingine kurasa tatu, siku nyingine sita.

"Mwalimu, nani alitunga hii kitu?" Besi aliwahi kuuliza. "Huyo mtu alikuwa na njaa?"

"Imba kama ilivyoandikwa, Besi."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake kuu. Imba kama ilivyoandikwa. Tulilisikia mara nyingi hadi likawa kama mlio wa mvua kwenye paa: lipo, lakini hulisikii tena.

Alhamisi ninayoizungumzia ilikuwa na ukungu, na mimi nilikuwa na hasira. Mama alikuwa anakohoa tangu mavuno ya mahindi. Alisema ni umande wa chai. Aliposhindwa kusingizia umande alisingizia moshi wa jikoni, na aliposhindwa kusingizia moshi alinisingizia mimi, kwamba namkera. Jumanne nilikuwa nimemlazimisha kwenda hospitalini. Mwalimu alimpiga picha ya kifua, na mama alirudi nyumbani amekasirika kwa sababu, alisema, alilazimishwa kuvua mkufu wake wa msalaba. Majibu yangekuja daktari atakapofika kutoka Nyeri mjini kusoma picha. Alikuja mara moja tu kila majuma mawili, na picha zilimngoja kwa rundo. Alisoma alizoweza kwa siku moja, nyingine zikasubiri zamu ijayo.

Basi tukaimba. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Katika ukurasa wa tatu, mstari wa pili kutoka juu, wanaume waliimba: do, mi, so, mi, do. Mwanakwaya yeyote anaujua mstari huo. Ndio wa kwanza kufundishwa, ndio unaolainisha koo, unauimba hata ukifua nguo. Nasi tukajibu. Ubaoni upande wetu Mwalimu alikuwa ameandika: do, mi, ti, mi, do.

Ti! Niliiona ikining'inia pale juu kama nguo iliyoanikwa kwenye mti usio wake. Nikaamua Mwalimu ameteleza chaki. Nikaimba so, kwa sauti kubwa na safi, na safu nzima ya wanawake, waliozoea kunifuata, wakaimba so pamoja nami. Ilipendeza sana. Kule dirishani Mwalimu akaweka alama yake daftarini.

Mazoezi yalipokwisha nilimfuata mlangoni. Sikuwa mtu wa kuficha wema wangu.

"Mwalimu, leo uliteleza ubaoni. Ukurasa wa tatu, mstari wa pili. Lakini usijali, nilikurekebishia."

Alisimama. Alikuwa ameinua mguu mmoja kuvaa buti, akabaki hivyo hivyo kwa mguu mmoja.

"Ulinifanyia nini?"

"Kulikuwa na ti. Nikaimba so."

"Soprano," akasema, na sauti yake ile ya bati ilikuwa imeshuka hadi kuwa mnong'ono, "hiyo ilikuwa kifua ya mtu."

Sikuelewa. Aliniketisha kwenye ngazi za kanisa, yeye amevaa buti moja, akanieleza kwa haraka kama mtu anayetoa vitu nyumbani ikiungua. Macho huchoka, alisema. Ukitazama vifua arobaini, cha arobaini na moja utakiona kama ulivyotarajia kukiona. Hata herufi alizoziandika mwenyewe zilimpotea hivyo. Sikio lake halikumfanyia hivyo. Kwa hiyo alitafuta kipima-mwanga kikuukuu cha mpiga picha mmoja wa harusi aliyefunga studio yake Gatitu. Kila filamu aliiweka juu ya sanduku la taa, akaifunika kwa kioo alichokichora miraba, akasogeza kile kipima-mwanga mraba kwa mraba, akitoka katikati ya kifua kwenda nje, kulia kisha kushoto. Panapopita mwanga kidogo ni weusi wa hewa: aliandika sauti ya chini. Panapopita mwanga mwingi ni weupe wa mfupa, au wa kitu kingine: aliandika sauti ya juu. Pafu la kulia waliimba wanaume. Pafu la kushoto tuliimba sisi. Miraba ya moyo aliiacha nje, maana moyo hukaa upande mmoja na kuleta fujo. Pande mbili zikijibizana vizuri, filamu ilikaa chini ya rundo la daktari. Zikitofautiana, ilipanda juu isomwe kwanza. Majina hakuyaandika kamwe, namba tu.

"Kwa nini usiimbe mwenyewe?" nikamuuliza, nikajuta kabla sijamaliza.

Akanionyesha koo lake kwa kidole. Na kinanda cha kanisa hakingemsaidia: kilikuwa na vibao vitano vilivyokufa.

"Daktari anajua?"

"Daktari anajua rundo limepangwa. Hajauliza limepangwaje." Akavaa buti la pili. "Kesho anakuja. Daftarini nimeweka hiyo namba chini kabisa. Twende."

Tukapanda mlima tukikimbia, boga na mwalimu wa shule ya msingi, hadi tukafika chumba cha eksirei bila pumzi. Aliwasha sanduku la taa, akaitafuta filamu katika rundo kwa namba yake, akaweka kioo chake. Mstari wa pili, upande wa kushoto, nyuma ya mtulinga, ule mfupa unaokatiza chini ya shingo. Mimi sikuona kitu. Yeye pia, alisema, hakuona kitu. Mfupa ulikuwa umekifunika. Lakini mshale wa kipima-mwanga ulilala palepale alipouona mara ya kwanza. Ti.

Aliipandisha filamu juu ya rundo. Ndipo, alipokuwa anainyoosha, nikaona kwenye pembe yake, pembeni mwa shingo, kitu kidogo cheupe chenye umbo la msalaba. Mwalimu alifuata macho yangu.

"Huyu mama," akasema polepole, "alikataa kuvua mkufu. Tuligombana. Mwishowe tukausukuma ukaenda nyuma ya bega."

Kumbe mama alinidanganya. Hakuuvua.

Sikumbuki niliketi wapi. Nakumbuka mkono wake mdogo mgongoni mwangu, ukinipigapiga, na hata katika hofu ile nikawaza: ananigonga kama tangi.

"Vuta," akaniambia. "Shika. Haya, achilia. Leo tumejua, Soprano. Kujua leo ni kitu kikubwa sana."

Daktari alikuja kesho yake, kijana mwenye miwani. Aliitazama filamu ya kwanza kwa muda mrefu, akaagiza mama apigwe picha nyingine akiwa ameegemea nyuma ili mfupa upishe, na makohozi yake yapimwe. Majibu yalipotoka, ilikuwa kifua kikuu, kingali kidogo. Lakini siku hiyohiyo ya filamu alimgeukia Mwalimu.

"Mama, hii ulijuaje iende juu?"

Mwalimu akamwonyesha kioo, kipima-mwanga na karatasi. Daktari akakigeuzageuza kile kioo, akauliza, "Sasa hii ni hesabu ama ni uganga?"

"Ni hesabu, daktari. Uganga ungekuwa na kazi kidogo."

Daktari akataka kumjaribu. Alimletea filamu tatu alizokwisha kuzisoma, majina yamefunikwa kwa plasta, na Alhamisi iliyofuata, nje ya zamu yake, akaja mwenyewe kanisani, akaketi benchi la nyuma. Siku hiyo Mwalimu aliwaambia wanakwaya wote wanachoimba.

"Kwa hivyo," Besi akasema, "hii miezi yote tumekuwa tukiimba mapafu?"

"Ndiyo."

"Na mimi nimeshinda bucha kutwa nikiyauza, nakuja hapa kupumzika!"

Katika filamu zile tatu tulipata mbili. Ya tatu tulipiga kelele kubwa kuliko zote, sauti ya juu kabisa upande wetu, Mwalimu akatangaza kwa fahari kwamba huyo anaumwa. Daktari akabandua plasta akicheka: ilikuwa pini ya fulana. "Huyu ni mgonjwa wa pini," akasema. Mwalimu alicheka hadi kofia ikaanguka. Hakudai kamwe kwamba sikio linatosha. Alidai tu kwamba lipewe zamu. Daktari alikubali apange rundo hivyo hivyo, mradi yeye ndiye asome.

Mama alimeza vidonge miezi mingi, akilalamika kila siku kwamba vinageuza mkojo wake rangi ya machungwa. Nilimwungamia kosa langu juma la kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nimekuambia tangu ukiwa mtoto. Wewe unapenda kujionyesha." Hakulitaja tena. Mimi sikuacha kulibeba. Kila Alhamisi baadaye niliimba kama ilivyoandikwa, hata pale koo lilipogoma. Na leo, nikiandika kitabu, ninapokutana na sentensi mbaya iliyo ya kweli, naiacha mahali pake.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea Mwalimu. Amestaafu, anakaa Gatitu, katika nyumba ya mawe yenye tangi la mabati pembeni. Nilikwenda na mama, aliyebeba kikapu cha nduma, magimbi yaliyochemshwa, na kukataa kusaidiwa. Mwalimu amekuwa mdogo zaidi. Kofia ni ileile, imefifia.

Alituandalia chai bila kufunua sufuria. Mama akamenya nduma akamwekea sahani mbele, lakini Mwalimu hakugusa. Alizungumza, alicheka, aliuliza habari za Besi, lakini sahani ilibaki pale. Mwishowe akaingia chumbani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Soprano. Niimbie hii."

"Ya nani?"

"Hatuandikagi majina. Imba tu. Kulia, halafu kushoto."

Akasimama dirishani, akatupa mgongo, akafumba macho. Niliona mkono wake ukishika pazia. Ndipo nikajua kwamba mwanamke aliyejificha nyuma ya bega la Besi amekubali hatimaye kusimama mbele ya mashine.

Mstari wa kwanza ulipita salama. Wa pili, upande wa kulia: do, mi, la, mi, do. La. Si so. Nilihisi koo langu likitaka kuishusha, kuipoza, kumpa mzee huyu mstari mtamu anaostahili. Mama alikuwa ananitazama, kisu hewani. Nikaimba la, kama ilivyoandikwa, kwa sauti yote niliyo nayo, nikavuka kwenda upande wa kushoto nikiogopa kutazama mbele.

Do, mi, la, mi, do.

Zilikuwa sawa. Mstari wa tatu ukajibizana, na wa nne, hadi mwisho wa ukurasa.

Mwalimu hakugeuka mara moja. "Pande mbili zikikubaliana," akasema kwa dirisha, "huo si ugonjwa. Hiyo ni mifupa ya mabega yangu tu. Daktari pia aliniambia niko sawa. Lakini wee, nilitaka kusikia."

"Kwa hivyo utakula nduma ama hutakula?" mama akauliza.

"Nitakula."

Akaketi, akachukua kipande kikubwa kuliko vyote. Kisha, mdomo umejaa, akaanza kuuimba mstari wake mwenyewe: do, mi, la, mi, do. Bati likakokotwa juu ya mawe. La yake haikuwa la, wala haikuwa so, wala haikuwa sauti yoyote niliyowahi kufundishwa. Mama alinitupia jicho la onyo. Nikanywa chai yangu, nikamsikiliza hadi mwisho, na sikurekebisha kitu.